Miraba ya Mwinyimvua

Land Rover ya kijivu ilipita Kerege kama imefukuzwa na nyuki. Kuku waliruka. Wauza mihogo walikimbilia mtaroni.

Nyuma yake, hatua mia moja, Peugeot 404 nyeupe.

Mardhiya Seleman alishika usukani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na Browning ya risasi kumi na tatu. Vumbi lilimjaa kinywani na hakutema. 

"Kozi, Kozi, uko wapi?" redio ilikoroma, ikimwita kwa jina lake la kazi. Ilikuwa sauti ya Hija, mkuu wake, akiwa ofisini Dar es Salaam.

"Kerege. Namwona."

"Usifyatue. Yule ni mgeni wa serikali."

Mardhiya alizungusha kitufe. Redio ikanyamaza.

Alitoa mkono dirishani, akafyatua mara mbili. Risasi ya kwanza ilipotea. Ya pili ilipasua gurudumu la nyuma. Land Rover iliyumba, ikaacha barabara, ikalala ubavu katika shamba la mihogo.

Dakta Harbeck alichomoka dirishani akiwa na bastola ndogo. Mardhiya alikuwa ameshafika. Teke la kwanza liliipeperusha bastola. Teke la pili halikuwa la lazima.

Alilipiga hata hivyo.

Harbeck alikuwa ameishi Bagamoyo miezi saba, kwa kibali cha kuchunguza hali ya hewa ya zamani ya pwani. Mji mzima ulimpenda. Alijua kuamkia wakubwa na alikula futari na watu. Lakini kwa wiki mbili mitambo ya usalama ilikuwa ikinasa simu za upepo za siri kutoka upande wa Kaole, na Mardhiya alitumwa kumfuata yeye.

Ndani ya gari kulikuwa na sanduku la bati. Mardhiya alilivunja kufuli. Hakukuta almasi wala bunduki. Alikuta madaftari thelathini na moja, na ramani kubwa ya pwani iliyochorwa miraba midogo, kila mraba umejaa tarakimu.

Madaftari yale aliyajua. Yalikuwa ya Mzee Mwinyimvua wa Dunda, karani wa mvua. Tangu mwaka 1941, kila siku saa tatu asubuhi, mzee yule alisoma kipima mvua, akatazama mawingu na upepo, akaandika. Hakuruka siku, hata aliyomzika mwanawe.

Asubuhi ile Mardhiya alimkuta sakafuni kwake, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimevunjwa.

Alimfunga Harbeck pingu, akamtupa kiti cha nyuma, akageuza gari kurudi Bagamoyo.

*

Mzee Mwinyimvua alikuwa kwenye benchi la zahanati, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umempata?"

"Nimempata. Na madaftari yako yote."

Mzee hakushukuru. Macho yalikuwa mekundu.

"Mimi ndiye niliyempa," alisema. "Alikaa barazani kwangu, mke wangu Dija akampikia kahawa. Akaniambia hesabu zangu zitawafaa wakulima wa Fukayosi, wajue lini wapande. Nikafurahi, mtu mzima ovyo. Nikampa madaftari thelathini. Jana akalitaka na la mwaka huu, nikamwambia hilo bado naandika. Ndipo akanifanya hivi."

Mardhiya alitandaza ramani juu ya benchi. Mzee aliinamia, akapitisha kidole kizima cha mkono wa kushoto.

"Kila mraba ni maili tano kwa maili tano. Amechukua hesabu zangu, na za mashamba ya mkonge, na za Fukayosi, akatafuta wastani wa kila siku ya mwaka. Kazi safi. Mungu amlaani."

"Hapa amezungushia wino mwekundu."

"Novemba ishirini na mbili. Mraba wa Kaole: mawingu haba, bahari shwari. Miraba ya Kerege, huku barabarani: mvua kubwa, miaka ishirini na tano katika thelathini."

Mardhiya alielewa.

Kaole kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa kusini. Wake zao walikuwa pale. Shule ya watoto wao ilikuwa pale. Siku hiyo maboti ya adui yangetia nanga pwani shwari, na barabara ya Dar es Salaam ingekuwa tope tupu. Jeshi lingefika kuzika.

Leo ilikuwa tarehe nane.

Alirudi garini, akawasha redio, akamweleza Hija yote.

"Mlete Dar," alisema Hija. "Wakubwa wataamua."

"Wakubwa wakiamua, wenzake watajua amekamatwa. Watabadili siku. Mimi nataka waje tarehe kumi na mbili, barabara ikiwa kavu na jeshi likiwa limewatangulia."

"Huna mamlaka hayo, Kozi."

"Kibali chake nimekiona, Mkuu. Kina saini yako."



"Endelea," alisema Hija.

*

Mtambo wa simu ya upepo ulikuwa nyuma ya kabati, katika nyumba aliyopanga Harbeck karibu na Kaole. Saa kumi alasiri wenzake wangesikiliza. Ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Mardhiya alimfungua pingu. Lazima apige yeye. Kila mpiga simu ya upepo ana mkono wake, na anayesikiliza huujua.

"Andika kwanza kwenye karatasi," alisema. "Siku ni kumi na mbili."

Harbeck aliandika namba nne: kumi na nne, kumi na mbili, mbili, tisa.

"Mraba, siku, mawingu, upepo," alisema kwa Kiswahili chake kizuri. "Ndivyo tunavyotuma siku zote."

Mardhiya alikuwa karibu kumwashiria aanze. Mzee Mwinyimvua, aliyekuja nao na sasa ameegemea mlango, alinyoosha mkono akaichukua karatasi.

"Upepo tisa?"

"Ndiyo, mzee."

"Tisa ni upepo wa kung'oa mapaa. Miaka thelathini na moja sijaandika tisa Bagamoyo. Saba nimeiandika mara mbili, na siku zenyewe nazikumbuka." Akamgeukia Mardhiya. "Hiyo siyo hali ya hewa, mwanangu. Anawaambia amekamatwa."

Uso wa Harbeck ulikauka.

Mardhiya aliudaka mkono wake wa kulia, akaubamiza juu ya meza. Akainua kitako cha bastola. Alitaka. Mwili wake wote ulitaka.

"Mkono huo tunauhitaji," alisema mzee taratibu.

Bastola ilibaki juu. Saa ya ukutani ilipiga saa kumi.

"Mwezi huu upepo ni tatu," alisema mzee. "Aandike tatu."

Harbeck aliandika. Akavaa visikilizio, akapiga. Mardhiya aliinamisha sikio lake pale pale, akihesabu kila mlio, mdomo wa Browning umegusa shingo ya daktari.

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili.

Neno moja tu. Wamekubali.

*

Tarehe kumi na mbili jua lilichomoza juu ya bahari shwari. Maboti matatu ya mpira yalikuja na mamluki arobaini. Waliruka majini, bunduki juu, wakapanda ufukwe hadi kwenye mikoko.

Mikoko ikasimama na kuwazunguka. Walikuwa wanajeshi mia mbili.

Mpumbavu mmoja alifyatua, akaanguka. Waliobaki walitupa silaha mchangani. Kiongozi wao alipiga magoti, mikono kisogoni, akitazama malori ya jeshi yaliyopangwa kando ya barabara kavu kama mtu anayesoma barua ya msiba. Nyuma ya malori, kengele ya shule ya kambini ililia. Watoto walikuwa wanaingia darasani.

Hija alishuka kwenye gari lake, suti imenyooka. Alinyoosha mkono.

"Kazi nzuri, Kozi."

Mardhiya aliutazama mkono ule. Akaendelea kupangusa bastola.

"Kuhusu kibali," Hija alisema, "nilidanganywa kama wengine."

"Wengine hawana mhuri."

"Ile ramani. Na madaftari. Niletee ofisini, wizara inavitaka. Watu wa kilimo wanasema havina mfano."

"Si vyangu."

"Ni vya nani?"

"Vya Mzee Mwinyimvua. Anakaa Dunda, kila mtu atakuonyesha nyumba." Alirudisha Browning kiunoni. "Nenda ukamwombe mwenyewe. Uanze na shikamoo."

Alivaa miwani yake ya jua, akampita mkuu wake bila kugeuka, akaingia ndani ya Peugeot na kuondoka.