Kilio Ambacho Hakuna Aliyekitengeneza

Siku ile kila mtu kituoni alikisifu kile kilio cha mtoto, lakini hakuna aliyekumbuka kukitengeneza.

Mchezo wao wa redio ulihusu bibi aliyeuficha ukoo mzima siri moja: kwamba alimtoa mjukuu wake kwa jini. Watu waliupenda. Ikifika saa kumi alasiri, hata vinyozi walizima mashine wasikilize. Aliyeigiza bibi huyo alikuwa mama mwenye mtoto wa miezi saba, na siku ya kurekodi, kwa kuwa yaya aliugua, alikuja naye mgongoni. Babu Vishindo, fundi wa kutengeneza milio ya milango na nyayo, alivua koti lake, akamtandikia mtoto chini ya meza.

Studio ilikuwa na mwiko mmoja: maneno ya kumwita jini husomwa macho yakiwa kwenye karatasi, yasimwangukie mtu. Lakini mama alitaka machozi ya kweli. Alimtazama mwanawe aliyelala, akasema, "Njoo umchukue. Ni wako." Rekodi ilipochezwa, kilio cha mtoto kilisikika baada ya maneno hayo, ingawa mtoto hakuwa ameamka.

Jioni hiyo mtoto alilia bila sauti. Mdomo wazi, machozi tele, kimya.

Daktari alimchungulia koo, hakuona kitu. Siku ya tatu mtoto alikataa ziwa, na ilipofika saa kumi kilio chake kilitoka redioni, kimedhoofika, na hata mama alipochomoa betri, akaiviringisha redio ndani ya blanketi na kuisukuma uvunguni, kilio hakikukoma, na chumba kizima kikanuka udi ambao hakuna aliyeuchoma.

Akambeba mtoto, akakimbilia kituoni.

"Ulimtazama?" Babu Vishindo alinong'ona.

"Nilimtazama, Babu. Nilitaka mchezo uwe mzuri."

Mzee hakumgombeza. Alimmiminia chai.

"Jini hatakirudisha kilio chake bure, mwanangu. Atataka sauti nyingine. Ningempa yangu, ila ni kama bawaba yenye kutu. Atanirudishia kesho asubuhi."

Mama alijaribu kucheka, akashindwa. Mtoto alikuwa amelegea kifuani pake kama nguo iliyolowa.

Mama aliingia naye studio. Harufu ya udi ilikuwa imemtangulia. Alisimama mbele ya kipaza sauti, akainua macho kwenye kioo kikubwa cha ukutani, akajitazama mwenyewe.

"Mwachie sauti yake. Njoo uchukue hii. Ni yako."

Mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira ya njaa ya siku nzima, na Babu Vishindo akakaa sakafuni akijifuta machozi.

Mama akamkumbatia mwanawe, akafungua kinywa ambembeleze. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

Rafuni, redio ya Babu Vishindo iliyokuwa imezimwa ikasema taratibu, kwa sauti yake mama, "Nyamaza, mwanangu. Mama yuko hapa."

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, akainyooshea redio mikono imbebe.