Siku ya Kuchomoa Nyaya

Kabla jua halijachomoza, kifuniko cha sufuria kiligonga-gonga jikoni, ta-ta-ta, chai ikitaka kumwagika. Adero alikiondoa haraka, akammiminia baba yake kikombe. Lakini Odongo alikuwa tayari amevaa koti.

"Chai baadaye, mama," alimwambia binti yake. "Leo tunafunga duka mpaka mwaka mpya. Kazi ni nyingi."

"Basi twende wote, nikusaidie," Adero alisema. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na shule zilikuwa zimefungwa kwa Krismasi ya mwaka wa 2007.

Odongo alikuwa mtunza stoo katika duka la vipuri vya matrekta, katikati ya mji wa Nakuru. Duka lilikuwa la Mohinder Singh. Nje ya familia ya Mohinder, hakuna mtu mwingine aliyepewa funguo ila Odongo. Majirani kwenye nyumba za reli walimwita Odongo wa Funguo, na Adero aliliringia jina hilo kuliko mwenyewe.

Asubuhi nzima walipanguza kompyuta mbili za duka, wakapuliza vumbi kwenye kibodi, wakaifunika printa kwa shuka kuukuu. Odongo alinakili hesabu za wateja kwenye sidii, akampa Mohinder aende nayo nyumbani. Mwisho kabisa akachomoa ekstensheni ukutani. Kompyuta zote mbili zilitegemea waya huo mmoja.

"Stima ikipotea si shida," alimweleza Adero. "Shida ni ikirudi. Hurudi kwa nguvu, kama fahali aliyekata kamba. Ndiyo maana tunachomoa."

Rupinder, binti wa Mohinder, alikuwa ameketi kaunta akichaji simu yake mpya. Yeye na Adero walikuwa marafiki tangu walipokuwa wadogo wakicheza kati ya magurudumu ya matrekta. Baada ya muda mama yake alikuja kumchukua.

Odongo alipokwenda stoo kufunga madirisha, Adero alikumbuka kwamba baba yake hakuwa ametia kitu tumboni. Akachomeka ekstensheni, akaweka birika la umeme. Maji hayajapata moto, mvua ikashuka na stima ikapotea.

"Ai!" Adero aliguna. Akachomoa birika, akalirudisha kwenye rafu.

"Adero, kuja tufunge!" baba aliita. Walifunga, wakakimbia kwenye mvua.

Kesho yake, mama yake Adero alikuwa akifunga mizigo ya safari ya kijijini kwao, Yala, simu ya Odongo ilipolia. Alisikiliza, akavaa viatu bila soksi. Adero alimfuata mbio.

Mohinder alikuwa amesimama mlangoni pa duka, amevaa kilemba chake cha Jumapili. Familia yake ilikuwa njiani kwenda gurudwara kusali, na alipitia dukani kuchukua miwani ya mama yake. Alikaribishwa na harufu ya kuungua.

"Odongo! Jana ulichomoa nini hapa?"

"Nilichomoa zote, bosi. Kwa mkono wangu."

"Kwa mkono wako! Basi huu waya umejichomeka wenyewe? Stima imerudi usiku, kompyuta imeungua. Duka zima lingeteketea!" Akanyoosha kiganja. "Lete funguo."

Odongo alizitoa mfukoni, akazikabidhi. Adero alipoona mkono wa baba yake umebaki mtupu, kifua kilimwaka. Akamgeukia Rupinder, aliyekuwa ndani ya gari.

"Ni huyu! Alikuwa anachaji simu! Baba yangu anafanya kazi, wewe unakaa tu na kisimu chako, halafu makosa ni yake!"

Rupinder alitoka garini kwa kasi hadi mtandio wake ukaanguka. "Usinisingizie! Mimi nilichaji kwa soketi ya kaunta!"

"Mwongo! Nyinyi mnalindana tu! Nyinyi hamkosei, sivyo?"

"Adero!" Odongo alifoka.

Rupinder alimshika mkono, akamvuta hadi ndani. "Angalia basi! Chaja yangu ilikuwa hapa. Ekstensheni ni ile kule. Niichomeke ya nini? Nani alikuwa na haja nayo?"

Adero alifungua mdomo amjibu. Ndipo macho yake yalipoangukia birika kwenye rafu, maji ya jana yakiwa bado ndani.

Hasira haikumtoka. Iligeuka tu, ikamwelekea yeye. Hakuna aliyemwona. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini mlangoni alisimama baba yake, na funguo zilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka kumchemshia baba chai. Stima ikapotea, nikasahau kuchomoa."

"Chai!" Mohinder alipiga katoni teke. "Kompyuta yangu imekufa kwa sababu ya chai!"

Odongo alimtazama bintiye, shingo imemvimba kwa hasira. "Habari ya waya tutaongea nyumbani. Lakini lile neno ulilomwambia mwenzako, 'nyinyi, nyinyi', omba msamaha sasa hivi. Hapa hapa, mbele ya watu wote."

Adero aliomba msamaha huku analia. Rupinder aliangalia pembeni.

Fundi Kiprugut aliitwa, akaifungua kompyuta kwa bisibisi. Kifaa cha kupokea stima ndicho kilichoungua. Kilichobaki kilikuwa kizima. Mohinder alishusha pumzi, akazitazama funguo mkononi mwake.

"Shika, Odongo. Nilikunyang'anya kabla sijakuuliza. Nimekukosea."

Odongo hakunyoosha mkono mara moja. Alimwacha asubiri kidogo, kisha akazipokea.

Bhagwanti, mama yake Mohinder, alikuja taratibu na fimbo yake. Alikuwa amebeba chapati za kupeleka gurudwara. Akatoa nne, akampa Odongo. "Kumbe tangu jana hata chai ya dukani hukupata," alimwambia. Kisha akamshika Adero bega.

"Mjukuu wangu, ungeweza kunyamaza, nawe ukasema kweli. Hilo nimeliona. Lakini ulihukumu kwanza, ukatafuta baadaye, na mwanangu amefanya vivyo hivyo. Mtu akikasirika, kidole chake hukimbilia wengine. Wewe anza kwako: mimi niligusa nini? Ukishajijibu, ndipo umwulize mwenzako. Na umwulize, usimshtaki."

"Ndiyo, nyanya."

Rupinder alikuwa amerudi garini, amefunga mlango. Adero alisogea hadi dirishani. Kioo kilishuka nusu.

"Bado nimekasirika," Rupinder alisema.

"Najua."

"Sana!"

Gari lilianza kuondoka, kisha likasimama. Rupinder akatoa kichwa nje, uso ungali umekunjamana.

"Mkirudi kutoka Yala, kuja kwetu tena. Na usingoje niite!"