Anayekohoa Nyuma ya Kabati

Rafiki yangu, fundi cherehani, alimwacha mdogo wake hospitali ya wagonjwa wa akili, akarudi nyumbani kumchukulia nguo. Dawa zilishaanza kumtuliza kijana, na alichomwomba dada yake ni kimoja tu: "Ukifika, sikiliza. Uje uniapie kwamba hakuna anayekohoa nyuma ya kabati."

"Akikohoa nitampa tangawizi," alimjibu, maana ulimi wake haujui kupumzika.

Nyumba aliikuta tupu, imefungwa. Alipokuwa akikunja shati, umeme ukakatika, giza likamfunika gubigubi. Nyuma ya kabati, lililobana ukuta hata ufagio haupiti, mtu akakohoa kikohozi kikavu, taratibu.

"Pole," neno likamtoka kwa mazoea.

"Nimeshapoa, dada," sauti ikamjibu. "Tangawizi umeleta?"