Sumaku ya Kuokotea Pini

Mama ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Dirisha la chumba chake cha kazi linatazama ukuta wa jirani. Ndiyo maana Baba alifunga dainamo ya baiskeli kwenye gurudumu la cherehani. Mama akikanyaga, balbu ndogo inawaka juu ya sindano.

Jumamosi moja asubuhi alikanyaga, giza tupu. Na kazi ilikuwa joho jeusi, uzi mweusi! Mwenye joho, nesi wa mtaani, alikuwa anahitimu saa nane mchana.

"Balbu imeungua," alisema Mama.

"Wapi! Dainamo nimeitengeneza jana," Baba alijibu kwa madaha. "Huoni gurudumu lilivyo jepesi sasa?"

Nikisikia Baba "ametengeneza", mimi huwa sisubiri. Nilimkimbilia jirani yetu, fundi wa kusuka upya nyaya za mota za feni. Tunamwita Mama Mdogo, ingawa si ndugu yetu wa damu.

Alikuja na mita yake ya kupimia umeme, akafungua dainamo, akachungulia, akacheka. "Shemeji, sumaku iko wapi?"

"Kile kipande king'ang'anizi? Kilikuwa kinamchosha mke wangu miguu. Nikakitoa. Sasa anaokotea pini."

Mama akageuka taratibu. "Kumbe! Na mimi nikakushukuru kwa zawadi!"

Mama Mdogo aliunganisha dainamo na mita. Akaichukua sumaku kwenye pini, akaipitisha haraka karibu na koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Mshale ukaruka. Akaituliza sumaku. Mshale ukarudi sifuri.

"Mmeona? Sumaku ikizunguka karibu na waya, umeme unatembea. Ikitulia, umeme unakatika. Ule uzito wa kukanyaga ni nguvu ya miguu ya dada inayogeuka kuwa mwanga. Umeme wa bure haupo, shemeji."

"Na feni je?" nikauliza.

"Feni ni kinyume. Unaingiza umeme, koili zinakuwa sumaku, zinakizungusha kipande cha katikati."

Akairudisha sumaku kwenye ekseli ya dainamo. Mama akakanyaga. Balbu ikawaka.

"Pedali ni nzito?" Baba aliuliza kwa huruma.

"Nzito. Na uiguse tena hiyo sumaku uone!"

"Ukitaka kumsaidia," alisema Mama Mdogo, "tia mafuta kwenye pedali. Imekauka hadi inalia."

Baba akapiga magoti, akatia mafuta. Pedali ikalainika, na mwanga haukupungua.

Saa saba nesi aliingia, akavaa joho, akageuza mikono huku na huku.

"Mbona sioni mshono?"

"Basi nimeshona vizuri," alisema Mama. "Nenda, utachelewa."