Ng'ombe wa Ndotoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Miangaly alikoroga jemu ya mapera huku usingizi haujamtoka. Ukungu wa mji wao, Ambalavao, uliingia jikoni ukachanganyika na mvuke wa sufuria, hata mama yake akawa sauti tu. Siku hizo alitembea kama aliye ndotoni, na ndoto yenyewe ilikuwa ya bibi yake, Bibi Razafy. Bibi aliota ng'ombe mweupe amebeba mwezi katikati ya pembe. "Wazee waliotangulia wametupa alama ya jemu yetu," alisema. Miangaly akaichora. Hakuwahi kuchora kitu kizuri namna ile.

"Kesho naipeleka Antananarivo kuiandikisha iwe alama yetu ya biashara," mama alisema. "Lakini leo shuleni ingia kwenye kompyuta, uangalie alama ambazo watu wameshaandikisha. Tafuta jina la jemu yetu, tafuta na picha. Ikifanana na ya mtu tutakataliwa, na ada hairudi. Jasho la msimu mzima hilo, mwanangu!"

Baada ya masomo Miangaly alitafuta jina. Halikuwepo. Akatafuta picha za ng'ombe, nazo zikapita mbele yake polepole, kundi zima kama linarudi kutoka malishoni. Mara moyo ukamlipuka. Ng'ombe mweupe, mwezi katikati ya pembe, jemu ya kiwanda kimoja cha Antsirabe! Akazima kompyuta haraka.

"Jina letu umelikuta?" mama aliuliza jioni.

"Hapana, mama."

Hakusema uongo, ila ukweli aliutoa nusu, na njia ya mwongo ni fupi. Bibi alikuwa ameshasimama kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya nyumba, mahali pa kuombea wazee, kikombe cha ramu mkononi, tayari kuimwaga chini kuwashukuru. Miangaly hakuweza kuvumilia.

"Bibi, usimwage! Yule ng'ombe ana mwenyewe!"

Akaeleza yote huku analia. Aliona aibu, na zaidi aliogopa kumvunjia bibi ndoto yake.

Mama alishika kichwa. "Kumbe kesho ningepanda basi nikatupe pesa! Mbona ulinificha?"

"Niliipenda mno ile picha, mama."

Bibi akacheka mpaka ramu ikamwagika yenyewe. "Haya, wazee wameshakunywa! Wewe mtoto, babu yako alipoanza kufuga alizunguka mazizi yote ya bonde hili akitazama masikio ya ng'ombe. Kila ukoo una mkato wake wa sikio, ndio alama ya ng'ombe wake. Ukiukuta mkato unaoupenda una mwenyewe, chagua mwingine. Ukiukata huohuo utaitwa mwizi, hata kama hujaiba."

Safari ikaahirishwa. Miangaly alichora tawi la mpera lenye ndege mdogo mwekundu, kisha yeye na mama wakapekua kwenye kompyuta ya shule alama zote za jemu, jina kwa jina, picha kwa picha. Hawakukuta inayofanana. Mama alisafiri, na baada ya miezi kadhaa barua ikaja: alama imekubaliwa.

Lakini Miangaly bado alikuwa na dukuduku. "Bibi, kwani wazee walikudanganya?"

"Wadanganye nini? Walinionyesha ng'ombe, hawakuniambia hana mwenyewe," Bibi alisema. "Kuuliza ni kazi yetu sisi tulio macho. Na aliyeuliza, asifiche jibu alilopewa."