Sauti Ndani ya Bomba

Jua lilikuwa linagusa vilele vya mchanga Rayya binti Hamoud alipotoka kwa muuza vyuma chakavu na springi mbili za gari begani. Mitaa ya Bidiya, mji wa jangwani huko Oman, ilikuwa tupu, watu wanatawadha. Alipofika nyumbani alikuta gereji imefungwa kwa kufuli, kama alivyoiacha. Akafungua. Akawasha taa.

Fremu ya gari alilokuwa akiliunda ilikuwa imeachana tena.

Mabomba aliyoyachomelea asubuhi, kwa mkono ule ule uliotengeneza nusu ya mageti ya mtaa, yalikuwa yamefumuka kwenye maungio kama mkate uliomegwa. Hapakuwa na alama ya msumeno wala ya nyundo. Palikuwa na harufu tu... harufu ya ubani uliochomwa pamoja na nywele.

Hii ilikuwa mara ya tatu.

"Haya," akasema peke yake, akivuta glavu. "Tutachomelea mara ya nne."

Kaka yake, Azzan, alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Ndivyo walivyoambiwa. Gari lake lilipinduka mchangani, na aliyeleta maiti ni Bwana Shamis, mwenye shamba la mitende nyuma ya msikiti. Ililetwa imeshafungwa sanda. Shamis akasema isifunguliwe, imeharibika vibaya, mama mtu asije akaona. Wakazika.

Kisha akaja Bi Wadha, Mbedui muuza samli, akamvuta Rayya pembeni na kumnong'oneza kwamba amemwona Azzan nyuma ya Kilima Chekundu, anakata majani. Alimwita, hakugeuka.

"Una hakika, Bi Wadha?"

"Kaka yako kanunua kwangu ngamia watatu, kila mmoja tulibishana nusu siku. Nitaisahau shingo ile?"

Watu wa pale mtu wa namna hiyo humwita mghaibu. Sisi tungesema msukule: mtu analiliwa, anazikwa, kumbe kilichozikwa ni gogo, mwenyewe yuko mahali anamfanyia kazi mchawi.

Nyuma ya Kilima Chekundu gari halifiki. Mchanga wa huko ni laini kama unga wa ngano. Gari zito linazama mpaka milangoni. Basi Rayya akaamua kuunda lake. Jepesi, mifupa mitupu ya mabomba, matairi mapana, injini ya gari lile lile lililopinduka, na viti viwili. Uzito aliupigia hesabu ya watu wawili. Wa tatu akipanda, wote wanazama.

Kesho yake alasiri Bwana Shamis akasimama mlangoni.

"Binti Hamoud, Mungu akupe nguvu."

"Amina, Bwana Shamis. Karibu ndani."

Hakuingia. Hajawahi kuingia. Alibaki nje ya kizingiti akilitazama vumbi la chuma lililotapakaa sakafuni, kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake.

"Nasikia unatengeneza gari la michezo."

"La safari."

"Mwanamke peke yako... viti viwili vya nini?"

"Nitakwenda mmoja. Tutarudi wawili."

Tabasamu la mzee likabaki mdomoni, lakini machoni likazimika. "Waliokufa waache wapumzike, mwanangu."

"Wanapumzika? Au wanafanya kazi?"

Shamis akageuka, akaenda zake bila kuaga.

Magharibi ile Rayya hakutoka gerejini. Mama yake, Bi Thuwaiba, alimletea kahawa na tende, akamsihi aingie ndani. Saa hii si ya kukaa na milango wazi.

"Ndiyo saa yenyewe, mama. Nenda kaswali."

Mama akaondoka. Rayya akazima mashine. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akangoja.

Ting.

Akatega sikio.

Ting... ting.

Ilitoka ndani ya bomba refu, lile linalopita juu ya viti, ambalo mdomo wake mmoja ulikuwa haujazibwa. Azzan alikuwa na desturi hiyo. Akiona dada yake amemaliza kuunga chuma, alikigonga mara tatu kwa kucha ya kidole gumba, asikilize kama kimeshika.

Ile harufu ikajaa gereji. Rayya akasogea. Akainama, akaweka sikio kwenye mdomo wa bomba. Pumzi ya baridi ikampiga shavuni.

"Rayya..."

Sauti ya Azzan. Ile ile, na kikohozi chake kidogo mbele ya neno.

"Dada yangu... nakuomba... kazi hii usiimalize."

Machozi yakamtoka kabla hajajua kama analia. Akakumbuka siku alipouza bangili zake kununua mashine ya kuchomelea. Wajomba walicheka mpaka wakashika mbavu. Azzan peke yake ndiye aliyeibeba mashine ile mgongoni kutoka sokoni, njia nzima anamwuliza ataanza kutengeneza nini.

Akajifuta uso kwa kiwiko.

"Kaka yangu," akanong'ona ndani ya bomba, "tangu tuzaliwe hajawahi kuniambia usifanye."

Kisha kicheko kidogo. Cha mzee.

Rayya hakungoja kimalizike. Alinyakua kipande cha bati nene, akakibana kwenye mdomo wa bomba, akavuta kinyago usoni, akawasha mashine. Cheche zikaruka. Bomba likatetemeka, likapiga yowe kama mbuzi aliyekanyagwa, likamchoma mikono kwa baridi mpaka ndani ya glavu. Hakuachia. Bismillah, akachomelea. Bismillah, akachomelea. Duara zima. Alipomaliza, kilichobaki kilikuwa mvumo tu, kama wa nzi ndani ya chupa.

Asubuhi kila ungio lilikuwa zima.

Alasiri Bwana Shamis akaja mbio, kofia mkononi. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Hakikutoka kitu, hata mkoromo. Akanyoosha kidole kwenye bomba, na ndani ya bomba kitu kikaanza kugonga kwa pupa.

Rayya akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu.

"Ah. Kumbe sauti hii ni yako?"

Mzee akaunganisha viganja, akamwomba kwa macho.

"Utangoja. Bado sijafunga usukani."

Alingoja siku nne. Ya tano Rayya akalitoa gari nje, akapunguza upepo wa matairi mpaka yakalala kama viatu vya ngamia, akampigia Shamis kiti cha pili kwa kiganja.

"Panda. Utanionyesha njia."

Gari halikuzama. Lilipanda Kilima Chekundu likinguruma, likateremka upande wa pili, huku mzee amejikunyata asiguse chuma, kitu kinachoogopwa na wachawi. Chini palikuwa na zizi la miba. Watu wanne wameinama wanakata majani kwenye jua lile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akifuta jasho.

"Azzan!"

Hakugeuka. Lakini shingo ilikuwa yake.

Rayya akatoa drili ya betri, na skrubu akaiweka katikati ya meno.

"Sikiliza, mzee. Natoboa tundu kama punje ya dengu. Utasema neno la kumwachia, basi. La pili likitoka, bomba zima nalitupa baharini, ukalitafute huko."

Akatoboa. Uzi wa baridi ukapita hewani, Shamis akashika koo, akakohoa, akatamka neno moja ambalo Rayya hakulielewa wala hakutaka kulielewa. Papo hapo akashindilia skrubu.

Azzan akainua kichwa. Akageuka kidogo kidogo. Macho yake yalimpita Rayya, yakarudi, yakatua.

"Maji," akasema.

Rayya alikuwa anamnywesha, analia na kucheka, alipoiona mikono ya aliyekuwa kando ya kaka yake. Mikono ya msichana. Hina ya maharusi, mbichi, kana kwamba ilipakwa jana.

Alimfahamu. Zeyana, binti wa jirani. Alikufa miaka miwili iliyopita, siku tatu kabla ya harusi yake. Rayya mwenyewe alilia msibani.

Alimwita. Alimtikisa. Zeyana aliendelea kukata majani.

Rayya akaangalia gari. Watu wawili. Akamfunga Azzan mkanda kwenye kiti, kisha akasimama mbele ya wale watatu na kusema kwa sauti, "Jina langu Rayya. Nitarudi."

"Na sauti yangu?" Shamis akauliza. Ilikuwa nyembamba kama ya mtu aliye nyuma ya ukuta.

"Kila mtu utakayemwachia, tundu moja."

"Na mimi narudije?"

"Wewe si mwenyeji wa huku?"

Shamis alirudi kwa miguu siku ya tatu. Siku hizi anatoa salamu msikitini kwa sauti yenye mlio wa bati, watu wanasema ni mafua. Kaburi la Azzan hakuna mjomba aliyethubutu kulifukua. Azzan yupo nyumbani. Hula wali usiotiwa chumvi, hucheka kidogo. Ila kila magharibi mikono yake huanza yenyewe kukata majani juu ya zulia, na Bi Thuwaiba huishika mpaka ipite. Zipo siku haipiti upesi. Na gerejini, saa hiyo hiyo, bomba hugonga.

"Kiondoe kitu kile nyumbani kwangu," mama alisema.

"Bado, mama."

Asubuhi Rayya akaenda kwa jirani, akabisha. Bi Ghaniya, mama yake Zeyana, akafungua, mikono imejaa unga.

"Samahani, Bi Ghaniya. Nataka kupima kiti. Zeyana... alikuwa na urefu gani?"

Bi Ghaniya akamtazama. Unga ukamdondoka vidoleni. Aliinua mkono polepole mpaka usawa wa jicho lake mwenyewe, akaushikilia pale hewani.

Rayya akapiga magoti, akaivuta futi yake kutoka sakafuni kwenda juu.