Gunia Lililotolewa Mara Mbili

Siku Kaberia alipomwona Mukiri kwa mara ya kwanza, kiwanda cha kahawa nje kidogo ya Githongo kilikuwa kimefurika wakulima na magunia. Kaberia alikuwa ameitwa kushughulikia kompyuta. Dada huyo, sweta nyekundu na kalamu nyuma ya sikio, ndiye aliyekuwa karani wa mizani.

“Fundi, sogea. Ama nikupime pia?”

“Nipime tu, mrembo.”

Mukiri alicheka, na Kaberia akawa amekwisha. Haukupita mwezi wakawa wanapigiana simu kila jioni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu: kwa kila mkulima, kompyuta ichukue uzito uliopimwa, itoe uzito wa gunia, kisha iandike jibu palepale pa uzito wa kwanza. Kaberia alituma amri. Mtandao ukakwama, akadhani haijafika, akaituma tena. Kumbe ilishafika. Uzito wa magunia ya wakulima mia sita ukatolewa mara mbili, na kila risiti ikapungua kilo.

“Mukiri, kilo zetu unapelekanga wapi?” Eunice, mkulima, alipiga kelele akipunga risiti. Wengine wakadakia: mwizi! Mukiri akaondolewa kwenye mizani.

Siku hiyohiyo Kaberia aliona kosa lake kwenye kompyuta. Mdomo ukawa mzito.

“Pole, mpenzi,” alimwambia kwenye simu.

“Mama hata kanisa haendi. Anasema ataangalia watu na macho gani.”

“Mungu yupo,” alijibu Kaberia, akajichukia kabla hata ya kukata simu.

Siku ya tisa, kwenye mkutano wa wakulima, Kaberia alisimama. “Mukiri hajaiba. Kosa ni langu, na nimelijua siku zote hizi.”

“Na ukanyamaza?” Eunice aliuliza.

“Nilinyamaza,” alijibu Kaberia, akatoka. Alimkuta Mukiri nje, kwenye meza za kuanikia kahawa.

“Kosa nimesamehe,” Mukiri alisema bila kumtazama. “Hata mimi hukosea. Lakini kila jioni ulikuwa unaniita mpenzi, na huku unajua ni wewe.”

“Niliogopa utaniacha.”

“Na sasa?”

“Sasa ukiniacha, sina la kusema.”

Mukiri aligeuza kahawa juu ya meza. “Kesho kuja nyumbani, umwambie mama vile umesema hapa.”

“Mama? Haki Mukiri, afadhali nirudi kwa wale mia sita.”

“Najua,” alisema, akijifuta macho kwa mkono wa sweta. “Na usikae chini mpaka akuambie ukae.”